Sarafu ya Njiwa

Karditsa, 14 Mei

Kwako mdogo wangu Zisis,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Natumaini baridi ya huko Ioannina imeshawaachia. Sisi hapa tu wazima, ila goti langu linanisumbua, na Shangazi Vaia anasikia pale tu anapotaka kusikia. Baada ya salamu, jua kwamba nina hasira, nawe utazisoma mpaka mwisho.

Jumamosi tulimfukua baba. Miaka mitatu ya desturi imetimia, kaburi linahitajiwa na mwingine, mifupa inahamia sandukuni, na simu nilikupigia mara mbili. Hukuja. Mwana gani huacha mifupa ya baba yake ioshwe kwa divai na mtu mwenye goti bovu na bibi kizee wa miaka themanini na minane? Wachimbaji waliuliza kama mzee alizaa mtoto mmoja. Niliona aibu, Zisis! Nilikulaani palepale, padri akinisikia.

Najua kwa nini hukuja. Siku ya mazishi nilikuita mwizi mbele ya jamaa wote, vikombe vya kahawa vikiwa bado mikononi mwao. Nilisema wewe ndiye uliyeichukua ile sarafu ya njiwa. Nani mwingine? Mimi sarafu za kale za baba niliziita takataka. Fundi viatu mwenye pensheni kiduchu, ananunua shaba zilizolika ambazo matajiri hawazitazami, kiganja kizima kwa bei ya kilo ya jibini, anazilowesha miezi katika mitungi ya mafuta ya zeituni ili uchafu ulegee, mpaka siku moja mama akaumimina mtungi kwenye saladi! Wewe ndiye uliyekaa naye mezani mkichokonoa udongo kwa vijiti vya meno, mkishangilia kila sikio la farasi lililojitokeza. Ya fedha alikuwa nayo moja tu, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, ina njiwa anayeruka. Aliacha sigara mwaka mzima ili aipate.

Nawe hukujitetea. Ulichukua koti lako ukaondoka. Hilo ndilo lililonichoma, maana mtu asiye na hatia hupiga kelele, bwana!

Sasa sikiliza. Mchimbaji alipoinua taya la baba, kitu kilidondoka kwenye beseni la divai. Shangazi akafanya ishara ya msalaba, akaniambia nisisumbuke kuchungulia, ni njiwa. Eti siku mbili kabla ya kufa baba alimpa sarafu mkononi, akamwomba aitie mdomoni mwake atakapokuwa anamvisha kwa mazishi. Baba alisema wazee wa kale walikwenda na nauli yao ya kuvuka mto wa wafu, naye maisha yake yote ameokoteza shaba, basi angalau kuvuka avuke kwa fedha. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka mitatu huku namtukana ndugu yangu. Akasema aliogopa padri angemnyima komunyo kwa mambo hayo ya kipagani. Nilimfokea, Mungu anisamehe, mpaka beseni likapinduka. Yeye akaniuliza mimi nilijuaje siku ile kwamba sarafu haipo, wakati kasha la sarafu la baba hakuna aliyekuwa amelifungua.

Zisis, wewe hukuwahi kuniuliza hilo. Nadhani ulijua. Asubuhi ile ulipokwenda kuagiza jeneza, baba amelala chumba cha pili, mimi nililifungua kasha. Sikutafuta kumbukumbu. Kulikuwa na mtu huko mjini Larisa aliyeniahidi bei nzuri. Nilikuta kikaratasi chenye jina la sarafu kwa mwandiko wa baba, na chini yake patupu. Hasira zangu zote za siku ile zilikuwa za mwizi aliyekuta ametanguliwa. Na hizi za leo pia si juu yako, ni juu yangu mwenyewe.

Sarafu sijathubutu kuigusa. Shangazi ameifunga kwenye leso yake, anasema atakukabidhi wewe tu. Sanduku la mifupa bado halijafungwa, nimemwomba padri angoje. Njoo uamue kama baba aondoke na njiwa wake au akuachie. Na ukifika, niite jina lilelile nililokuita, mbele ya watu walewale. Nitawaalika mimi mwenyewe, na kahawa nitawapikia.

Shemeji na watoto wasalimie sana. Shangazi anakusalimu, anasema uvae fulana nzito njiani, milimani bado kuna theluji.

Ni mimi kaka yako,
Apostolis