Gome la Michungwa

12 Februari

Dada mpendwa,

Salamu nyingi, natumai hujambo na wanafunzi wako hawajakumaliza. Sisi huku tunasukuma siku, ila Mama mguu unamsumbua. Kile kidonda cha kidoleni hakifungi, na mganga wa zahanati anasema sukari yake inataka hospitali kubwa kama hiyo ya mjini kwenu, naye anauliza kama unaweza kumpokea. Hata hivyo hakai ndani. Anaburuta kigoda chake hadi michungwani, anapalilia kutwa nzima, na ukimwambia apumzike anakuuliza umekuwa baba yake tangu lini.

Yule mwenye maghala amerudi kuulizia shamba. Nimemjibu kama ulivyoagiza, kwamba Baba aliusia lisiuzwe maadamu michungwa inazaa. Lakini Dada, michungwa yenyewe imeanza kugeuka manjano. Wewe ndiye mwalimu wa mimea, tufanyeje?

Mdogo wako.

20 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko? Mimi mzima. Barua yako imeninyima usingizi. Usikimbilie kunyunyizia dawa, mmea hukaguliwa sehemu kwa sehemu. Anza na jani: manjano iko kwenye mishipa yake au katikati ya mishipa? Kisha fukua mizizi, ile myembamba ya pembeni ndiyo inayokunywa. Ivunje uinuse. Ikiwa myeusi na inanuka, basi maji yametuama. Malizia na shina, ulikague gome kuanzia ardhini hadi panda ya kwanza. Niandikie upesi, maana michungwa ile ndiyo pekee aliyotuachia Baba.

Msalimie Mama.

Dada yako.

6 Machi

Dada,

Salamu tele, na pole na kazi. Manjano iko kwenye mishipa. Mizizi haina harufu, ila mingi ile myembamba imekauka. Shina ndilo lililonikata maini. Chini kabisa, kwenye nyasi kavu ambazo Mama amerundika kuzunguka kila mti, gome limebanduliwa duara zima, upana wa vidole vinne, mpaka mti mweupe unaonekana. Kila mchungwa uko hivyo. Hiyo ni kazi ya kisu, si panya. Lakini juu bado kuna majani, huenda itapona yenyewe?

Kidole cha Mama kimekuwa cheusi. Anauliza tena kama unaweza kumpokea, hata kwa mwezi mmoja tu.

Mdogo wako.

10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Itapona yenyewe! Shule ulikuwa unafuata uji? Maji hupanda kupitia ndani ya mti, ndiyo maana majani yanakudanganya. Chakula kinachopikwa na majani hushuka kwa njia ya gome. Ukilikata duara, mizizi inakufa njaa huku juu kukiwa kijani. Mwizi wa kuni hajui hayo. Huyu ni mtu wa nyumbani, na kikulacho ki nguoni mwako. Nani anayekunywa chai na mwenye maghala kila Jumapili? Usinifanye mtoto.

Bado inaweza kuokoka. Kata vijiti kwenye matawi machanga, uvichonge ncha zote mbili. Ncha moja uichomeke chini ya gome lililo juu ya jeraha, ya pili chini ya gome la chini, kama daraja, kisha ufunge kwa utepe wa plastiki. Fanya leo. Ukishindwa hata hilo, usiniite dada.

Mama asubiri likizo. Akija sasa, michungwa itaangaliwa na nani?

Dada yako.

29 Mei

Dada,

Hatujambo leo si neno la kweli, kwa hiyo sitaliandika.

Vijiti nilivikata siku ile ile niliyopata barua yako. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchungwa wa kwanza, Mama akaja na fimbo yake akaninyang'anya kisu. "Acha," akasema. "Hiyo kazi ni yangu, usiniharibie." Nilidhani homa imempanda kichwani. Akanikumbusha ulipokuwa sekondari, ukabandua gome la tawi la mpera kwa ajili ya jaribio la shule, tawi likafa taratibu huku sote tukilisifia majani, na Baba akakuchapa. Mama alijifunza kwako.

Basi nikamsomea barua yako yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ameuliza jani, ameuliza mzizi, ameuliza shina. Mimi niliyemzaa sikuulizwa hata kidole. Kama mpaka michungwa iache kuzaa ndipo nitibiwe, basi itaacha." Nilimwambia nikuandikie upya, nikueleze vizuri hali yake. Akacheka vibaya, akasema mzazi haombi mara ya tatu.

Majani yamepukutika, hata machungwa machanga yameanguka. Usia wa Baba umekwisha, kwa hiyo safari hii sikukuomba ruhusa. Mwenye maghala amechukua shamba. Hospitali wamemkata Mama vidole viwili, na daktari akasema angefikishwa Februari asingepoteza hata kimoja. Kunisingizia nimekusamehe, Dada, ila hilo la daktari silimezi.

Mama amepanga chumba huko huko mjini, mtaa wa pili kutoka shuleni kwako. Anasema asubuhi huwasikia wanafunzi wako wakiimba. Nilitaka nikuandikie ni nyumba ipi. Amenikataza.

Mdogo wako.