Arvil Alivyoifuata Njuga ya Nyoka

Laurel Lick, Kentucky
Jumatatu, 14 Septemba 1953

Mpendwa Kaka Hobart,

Hujambo huko Detroit? Natumaini wewe, wifi Icie na watoto ni wazima, na kwamba kiwanda hakijakumaliza mgongo. Mama bado anakohoa asubuhi, ila anakula. Mimi mzima.

Kaka, tulikaribia kumzika Arvil.

Unamjua shemeji yako na fidla yake. Tulialikwa kupiga kwenye maonyesho ya wilaya, yeye fidla, mimi banjo, mdogo wake Garnett gita. Mvua za Agosti ziliifanya fidla ikwaruze kama mlango mbovu. Basi Arvil akashikilia maneno ya wazee, kwamba ukitia ndani yake njuga ya mkia wa nyoka, ile anayoitikisa ilie kabla ya kuuma, unyevu hautaingia. Nikamwambia, "Njuga ina mwenyewe, na mwenyewe ana meno." Akacheka. "Mke wangu, nikikuta nyoka mkali kukushinda wewe, nitamkimbia." Wakapanda yeye na Garnett kwenye miamba juu ya shamba la mahindi.

Nilikuwa barazani nakaza nyuzi za banjo niliposikia Garnett akiniita. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, nikajua pale pale. Alikuwa amembeba kaka yake mgongoni. Nyoka waliyemwona walimuua; wa pili alikuwa chini ya jiwe, akamuuma Arvil. Mkono wa kushoto, ule wa kubonyezea nyuzi, ulikuwa umevimba hadi kiwiko, na kidole cha mwisho kimekuwa cheusi.

Garnett aliendesha pikapu kwenda hospitali, nami nimemkumbatia Arvil. Ile barabara ya mlimani unaijua. Jasho lilikuwa likimtiririka, midomo imekufa ganzi. Akaniambia, "Imba."

"Niimbe nini, wewe mtu?"

"Chochote. Nikikusikia nitajua bado nipo. Ukinyamaza, nitajua nimekwenda."

Nikaimba, Kaka. Niliimba za kanisani zikaisha, nikaingia zile za Bibi. Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho sijawahi kukiwaza tangu utoto: nyimbo zetu zote zina maiti. Huyu kazama mtoni, yule kachomwa kisu, mwingine kafia mgodini. Nilitafuta mmoja tu ambao hakuna anayekufa, nisiupate. Nikaanza kujitungia upuuzi kuhusu kuku wetu, machozi yananiingia mdomoni. Garnett naye analia, usukani mkononi. Kuna mahali Arvil alifumba macho, kichwa kikaniangukia kifuani. Nikapandisha sauti kama mwendawazimu. Akanong'ona, "Delphia, umeanzia juu mno." Sijawahi kufurahi hivyo kukosolewa.

Hospitalini wakamchoma sindano za kuua sumu. Mkono ukapona, lakini kile kidole daktari alikikata.

Alirudi nyumbani Jumatano. Fidla akaitundika ukutani na hakuitazama tena. Alikula, alilisha nguruwe, alijibu ndiyo na hapana. Kaka, kimya chake kilinitisha kuliko ile safari. Nilikuwa nikimfuata kila aendako, hata bandani, nikijifanya nina kazi huko.

Jana baada ya kanisa Garnett akaja na gita, akaketi barazani, akaanza kupiga bila kumsemesha mtu. Baadaye nikasikia Arvil akiitungua fidla. Nikawapa mgongo na bakuli langu la maharagwe mabichi, maana sikuthubutu kutazama. Muziki ulichechemea. Ulipofika pale panapohitaji kidole kile, ukakatika. Akarudia, ukakatika tena. Nikamsikia akivuta pumzi, nikadhani sasa ataivunja fidla.

Ndipo Garnett akatelezesha kisu chake cha mfukoni juu ya nyuzi za gita, kwa mtindo wa bluzi, ule muziki wa majonzi aliofundishwa na yule mzee Mweusi aliyefanya kazi relini, na sauti moja ndefu yenye kulia ikaingia kwenye pengo lile. Arvil akaipokea, akaendelea. Kila walipofika pale, mmoja aliacha nafasi na mwenzake akaijaza. Nilipogeuka, maharagwe yote yalikuwa sakafuni na sikujua yalianguka lini.

Bado naogopa, Kaka. Usiku huu nitakesha nikimsikiliza anavyopumua. Lakini leo asubuhi ameniambia nyuzi za banjo yangu zimelegea.

Nisalimie wifi Icie, Wendell na Oma mdogo. Mama anakubusu. Mungu awafunike kwa mkono wake huko mliko mbali nasi.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda daima,
Delphia