Mkono wa Esta na Mchanga wa Luseni

Tinde,
4 Machi 1957

Kwa kaka yangu mpenzi Masele,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Geita, na kwamba vumbi la mgodini halijakuharibu kifua. Sisi hapa hatujambo, ila mama goti linamsumbua kila mawingu yakitanda. Mimi ni mzima kabisa, tena nina habari iliyoninyima utulivu. Tafuta pa kukaa kwanza. Umekaa? Haya.

Esta hana mkosi! Mke wako uliyemrudisha kwao Ushetu hana kosa hata chembe, na safari hii si maneno yangu ya kumtetea, maana najua ulishayachoka. Shamba lenyewe limesema.

Mambo ya mwaka jana unayakumbuka. Bwana Shamba Athanas alituletea ile dawa ya magugu, ya kunyunyiza juu ya udongo mara tu baada ya kupanda. Aliipima kwa kopo moja, akainyunyiza mwenyewe kwenye mashamba yote mawili: la mama kule chini mbugani kwenye udongo mweusi, na la Esta huku juu kwenye mchanga wa luseni. Mtama wa mama ulistawi, ingawa magugu nayo yalistawi. Wa Esta ulichipua, ukawa wa njano, ukakauka. Watu wakasema mbegu ni ile ile, dawa ni ile ile, mvua ni ile ile, kilichotofautiana ni mkono uliopanda. Ukaenda kwa mfumu kupiga ramli, akampasua kuku, na kuku naye akasema vivyo hivyo. Nawe ukamwamini kuku kuliko mke wako! Samahani kaka, niliahidi kutokukaripia, kalamu imeponyoka.

Sasa sikiliza. Msimu huu Athanas alirudi akiwa na wasiwasi. Alisema amezungumza na wenzake wanaoijaribu dawa hiyo kwenye ardhi za namna nyingine, akaomba ajaribu tena kwenye shamba lile lile la Esta. Baba alifoka. Alisema dawa haina ubaya, ubaya ulikuwa wa yule mwanamke, na kwamba ili watu waone, atapanda yeye kwa mkono wake, dawa inyunyizwe kwa kipimo kile kile. Nikarukia papo hapo kwamba nami nipewe kipande jirani, ila changu kipate nusu ya kipimo. Baba alinicheka, akasema wasichana wa misheni tunapenda ubishi.

Kaka, mvua kubwa ya kwanza ikashuka. Mtama wa baba ulichipua vizuri, kisha ncha za majani zikaanza kuwa za njano. Kila asubuhi alikwenda kuutazama kabla hata ya kufungulia ng'ombe. Mwishowe ukakauka wote, sawasawa na wa Esta. Na wangu je? Umesimama! Kijani hadi unaelekea weusi, na chini hakuna gugu. Nilipiga vigelegele peke yangu shambani mpaka mama akadhani nimeumwa na nyoka. Sasa nani atathubutu kusema baba ana mkosi? Hata jirani yetu Maduhu, ambaye mdomo wake unaujua, ameufunga.

Athanas alitueleza mbele ya watu, wala hakujificha. Alitoboa makopo mawili chini, moja akalijaza mchanga wa luseni, jingine udongo wa mbugani, akayamiminia maji yenye bluu ya kufulia. Kwenye mchanga maji yalitoka na bluu yake. Kwenye udongo mweusi yalitoka karibu meupe. Akasema na dawa ni hivyo hivyo: luseni haiwezi kuishika, mvua inaizamisha hadi kwenye mizizi ya mtama na kuuchoma. Udongo mweusi unaing'ang'ania, basi mtama unapona, lakini na magugu pia yanapona kwa kuwa dawa haiyafikii. Luseni inataka kidogo, mbuga inataka zaidi, na kosa lilikuwa lake yeye kuzipimia zote kwa kopo moja.

Baba akasema tumemfukuza mtoto wa watu bure. Kesho yake alivaa koti lake la kanisani akaenda Ushetu kuomba radhi.

Hapa ndipo penye uzito, kaka. Huko alikuta ng'ombe wetu wa mahari wameshatengwa ili warudishwe kwetu. Baba yake Esta alimsikiliza hadi mwisho, akampa chakula, lakini akamwambia radhi ya mkwe si radhi ya mume, achukue ng'ombe wake. Juzi baba amerudi akiwaswaga pamoja na Gregory, kaka yake Esta. Nilipowaona wanaingia zizini nililia sana, nikajua ndoa yako imekwisha.

Mama ndiye aliyewakagua ng'ombe mmoja mmoja, akauliza yuko wapi yule mtamba mwekundu. Gregory akaangua kicheko. Akasema Esta amemfunga mlangoni pake na amekataa katakata aondoke, hata baba yake alipogomba. Anasema mahari isiporudi yote, yeye bado ni mke wa mtu. Anataka uende mwenyewe, useme mbele ya wazee wake kwamba mkono wake ni safi. Ukisema hivyo, mtamba atabaki kwao na yeye atafuatana nawe. Baba yake atamvumilia hadi mtama uvunwe, basi.

Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, na ameniagiza nikuandikie neno moja tu, kwamba ufanye haraka. Wape salamu wenzako wote wa mgodini. Barua hii usiijibu kwa barua, kaka. Panda gari la Kahama uende Ushetu, Esta amebakiza ng'ombe mmoja!

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata katika ukaidi wako,
Scolastika