Upawa Mmoja, Sufuria Mbili

Nyumba Na. 14, ghorofa ya pili,
Nyuma ya duka la dawa.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na kwamba goti la mama yako limemruhusu kupanda ngazi tena. Na mwanao, Kifaranga wetu, je, jino la mbele limeota? Mimi mwili sijambo, ila moyo haujatulia tangu Jumamosi.

Nimekupigia simu mara tano hupatikani, ndiyo maana nampa dereva wa basi akufikishie mkononi. Isome yote kabla ya kufunga mizigo.

Uliniomba nikuchagulie matembezi ya kuonja vyakula hapa mjini, nikakujibu kwamba nimempata kiongozi, yule wanayemwita Profesa. Futa jibu lile. Nilikosea, na unanijua, sikiri kosa bila kulifafanua.

Nilimpima kama nilivyopima wanafunzi: kwa ufasaha. Kila jengo anajua lilijengwa na nani. Nilipomwambia mtoto ana mzio wa karanga, alinipiga begani: "Mzee wangu, ondoa shaka, mimi nipo!" Nikampa alama zote.

Jumamosi nikafuatana naye nijionee. Kituo cha tatu ni kibanda cha supu. "Hapa karanga hakuna," akasema, na kweli sufuriani hazikuwamo. Lakini mpishi alichomoa upawa kwenye sufuria ya pili, yenye mchuzi wa karanga, akakorogea supu yetu. Nikamuuliza mpishi kuhusu upawa ule.

"Babu, upawa ni huo huo miaka yote," akanijibu, bila ubaya wowote.

Profesa akacheka. "Mwalimu haachi kusahihisha!"

Nikaliweka bakuli chini. Nilimwona Kifaranga mwaka jana, midomo imevimba, pumzi inakwama, kwa kipande kimoja cha biskuti.

Jana nilimwendea mama mmoja, zamani mpishi wa hospitali, ambaye naye hutembeza wageni. Maneno hana, historia yake ya mji inaishia jikoni. Ila ana daftari, na kwa kila kituo ameandika mafuta gani, upawa upi, nani yuko zamu. Nikasema basi, tumekubaliana. Akasema, "Hapana." Kisha akaniuliza: alivimba baada ya dakika ngapi? Harufu tu humdhuru? Sindano yake ya mzio hubebwa na nani, na nani anajua kuidunga? Nikamwambia wa kuulizwa hayo ni wewe.

Anataka kuyasikia kwako mwenyewe kabla ya Alhamisi jioni, azungukie wapishi wake kwanza, ndipo aseme ndiyo au la. Namba yake iko nyuma ya ukurasa huu. Profesa nimeshamkatalia, lakini namba yako anayo, niliyompa kwa kiherehere changu. Akikupigia atakuvutia kwa maneno. Usikubali.

Mama yule akikataa, njooni hivyo hivyo, tutakula kwangu. Niliporudi jana nilifungua kabati langu: kopo la siagi ya karanga, na mwiko mmoja ninaokorogea kila kitu. Mimi niliyekuwa nikimnyooshea kidole mpishi wa watu! Vyote nimevitoa. Mwiko mpya uko mezani, ndani ya karatasi yake. Haujagusa chungu, unamngoja Kifaranga.

Nisalimie dada yangu, na baba Kifaranga huko karakana. Mungu awafikishe salama, na pumzi ya mtoto iwe nyepesi siku zote.

Wako akupendaye, na anayengoja simu yako,

Mjomba