Picha ya Kaku Ndani ya Apareyi

Jumatano, 30 Aprili
Nazungusha pete ya mwanga, nabonyeza, navuta kimkono. Tena. Apareyi, kamera yangu ya filimu, bado tupu. Kila siku baada ya shule najifunza hivi nyuma ya nyumba, watu wasinione. Niliinunua sokoni kwa mjane wa mpiga picha za harusi. Mama anaiita kintu ya mufu, kitu cha marehemu. Hataki iingie chumbani kwake.

Jumamosi, 3 Mei
Leo nimetia filimu. Kaku, mama yake Mama, hana picha hata moja, zote ziliungua na nyumba ya kwanza. Alivaa liputa ya sikukuu, kitenge chake cha maua, akakaa. Nikahangaika kulenga maua ya liputa mpaka ukungu ukatoka, yakaonekana wazi.
“Piga basi, mutoto. Mugongo inaniuma. Ao unangoja nikuwe kijana?”
Nimepiga. Moja tu.

Jumanne, 6 Mei
Kaku ameamka mdomo umeshuka upande wa kushoto. Maneno hayatoki. Hospitali wanasema ni mshipa wa kichwa. Mama hakuwasikiliza. Aliniangalia mimi.
Naogopa kuandika ninachowaza. Nilibonyeza, halafu hivi.

Alhamisi, 8 Mei
Mama amemwambia Pasta. Pasta amesema Jumapili, siku ya Mungu, nipeleke apareyi kanisani, ifunguliwe mbele ya wote, kilicho ndani kitoke, Kaku apone.
Mwanga ukiingia, filimu imekwisha. Uso wa Kaku wa zamani uko mule tu, si kwingine. Nilitaka kumwambia Mama. Nikaenda kuosha vyombo. Comme toujours, kama kila siku.
Na kama wanasema kweli? Nikiokoa picha, Kaku asipone?

Jumamosi, 10 Mei
Mama yuko sokoni. Nimebonyeza kidude cha chini ya apareyi, nikazungusha kishikio cha kurudisha filimu. Polepole. Katikati kikagoma. Nikadhani filimu imekatika. Kisha kikaachia.
Filimu imeingia yote ndani ya kopo lake, nayo iko ndani ya soksi yangu. Namdanganya Pasta, ao Mungu? Sijui. Naogopa wote wawili.

Jumapili, 11 Mei
“Fungula, mutoto wangu,” Pasta alisema. Nikafungua. Watu wakanyoosha shingo. Tupu.
Mama mmoja wa shorale, kwaya ya kanisa, akasema, “Ni hii tu? Miye nilizani ni nyoka.” Wachache wakacheka.
Pasta akamwaga mafuta ya upako ndani, mengi, akaomba mpaka sauti ikakauka. Kimkono hakivutiki tena. Nililia. Wakasema nakombolewa.
Kaku yuko vilevile.

Ijumaa, 30 Mei
Tantine, dada yake Baba, amerudi kutoka Lubumbashi. Alipokwenda nilimpa filimu, akaibeba bila kuniuliza mengi, akaipeleka studio ya zamani huko, ameniletea picha.
Maua ya liputa yanahesabika. Uso una ukungu kidogo. Lakini mdomo unaonekana. Ulikuwa umeshaanza kushuka, upande wa kushoto. Kidogo tu.
Basi si apareyi. Si mimi. Ila nilimtazama muda wote ule, nikaona maua tu.
Nimempa Mama. Akaipeleka dirishani. Akaweka kidole juu ya mdomo wa Kaku, akakiacha pale. Kisha akaingia kumlisha Kaku uji, na baada ya kitambo akaniita nimshikie kikombe.