Lisiguswe Mpaka Mkaguzi Aje

Jumatano, 6 Novemba

Kimbunga kimepita jana. Paa la nyuma limeondoka — jikoni na chumba cha Mama. Kenchi mbili zimevunjika, mabati yako shambani kwa jirani, na tanuri langu la mikate linatazama mbingu. Mama hajaumia. Analalamika tu kuhusu kuku wake mwekundu, ambaye hajulikani alipo.

Nimepigia bima kwa simu ya padri. Yangu imeingia maji. Mtu wa upande wa pili alikuwa na sauti ya usingizi. Akasema nisiguse kitu, mkaguzi anakuja na meli. Kila kitu kibaki kilivyo. Nikamuuliza, na mvua je? Akasema na yenyewe niiache.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama analala chini ya turubai. Nimemwomba ahamie chumba cha mbele, hataki. Anasema kitanda kile amezalia watoto sita, hakihami na yeye hahami. Ameanza kukohoa.

Majirani wanaumia kutuona hivi kuliko sisi wenyewe. Manoy Temyong — manoy kwetu ni kaka — seremala wa hapa mtaani, kapita mara tatu na nyundo kiunoni.

"Pining, unaishije hivi? Watu watasema huna ndugu."

Nikamweleza habari za mkaguzi. Akasikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mgonjwa mwenye homa. Mwisho nikamwomba apige picha za uharibifu kwa simu yake. Hilo alilipenda.

Jumapili, 10 Novemba

Nilikwenda mjini Virac baada ya misa, kutafuta mtu wa kunitengenezea simu. Kurudi, nikasikia nyundo toka barabarani. Nikajua. Nikakaza mwendo.

Mtaa mzima uko juu ya nyumba yangu! Mabati ya zamani yamenyooshwa kwa mawe, kenchi mpya ni za mnazi mbichi. Mama kakaa kwenye kiti chake katikati ya uwanja, anaamuru watu wazima, uso unang'aa.

"Tumekufanyia sapraizi," Manoy Temyong akasema.

Na sufuria kubwa ya uji wa mchele na tangawizi ilikuwa inachemka. Kuni zake — kenchi zangu zilizovunjika. Nilikuwa nimeziacha pale zilipoanguka, kwa ajili ya mkaguzi.

Ungesema nini? Watu wa kazi ya namna hii hawalipwi. Wanalishwa na kushukuriwa, basi. Nikagawa uji. Nikamshukuru kila mtu kwa jina lake. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nikarudi na vikombe.

Mama amelala vizuri. Hakohoi sana. Hilo nalo nilikumbuke.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimewasha tanuri. Limepasuka kwa ndani, moshi unatoka ubavuni. Hakuna mkate. Paa nalo nimelitazama kwa chini: matundu ya misumari ya zamani yamezibwa kwa lami, mnazi mbichi utajipinda. Upepo mwingine ukija litaondoka. Bila bima sitajenga, na bila kujenga sioki.

Jumanne, 12 Novemba

Mkaguzi amekuja. Bwana Escarilla, kijana, viatu safi. Majirani nao wakaja, nani angewazuia. Walidhani anakuja kukagua kazi yao.

"Tazama vizuri bwana," Manoy Temyong akamwambia. "Halivuji hata tone. Lile la kwanza lilikuwa linavuja."

Escarilla akauliza mbao zilizovunjika ziko wapi.

"Tulipikia uji. Ungewahi."

Akaomba picha. Manoy akatoa simu kwa madaha. Picha ya kwanza, Manoy Temyong na vidole viwili juu. Ya pili, Manoy na mkewe. Ya tatu, Mama na watu saba wanacheka, na nyuma ya vichwa vyao kijipande cha kitu kinachoweza kuwa mbingu. Mkaguzi mwenyewe akacheka. Si mtu mbaya. Akasema, "Shangazi, naandika ninachokiona. Naona paa zima." Na tanuri? Ufa wa tanuri unaweza kuwa wa uzee, akasema.

Anakwenda kaskazini kukagua wengine. Ijumaa atapita tena. Kukiwa na kingine cha kuona, atakiona.

Alhamisi, 14 Novemba

Manoy Temyong kaja jioni, kofia mkononi, hakutaka kukaa.

"Pining, tumekuharibia. Mbona hukusema?"

Nilisema. Sikumkumbusha.

Kasema kesho wanaliezua paa. Mkaguzi akishaona, wanaliezeka tena siku hiyohiyo. Nikamwambia Mama anakohoa. Kasema Mama akalale nyumbani kwake. Mama kasema kutoka chumbani kwamba halali kwa mtu.

Nimekubali. Sijui kama nimefanya vema.

Ijumaa, 15 Novemba

Wameanza mapema. Jua kali, hakuna hata wingu. Mabati yanashuka mojamoja, yanawekwa pale shambani yalikookotwa. Manoy anakumbuka kila moja lilivyolala. Kaniuliza avunje kenchi ngapi. Nikamwambia asivunje chochote. Mama kakaa kitandani, mwavuli kichwani, hasemi na mimi. Uji uko motoni.

Padri kafika na pikipiki yake sasa hivi. Escarilla amempigia. Kuna kimbunga kingine, kitafika kesho usiku. Bandari inafungwa. Escarilla mwenyewe ameshaondoka na meli ya alfajiri, ndiyo ya mwisho. Kasema nimsamehe, na nisiguse kitu.

Naandika nimesimama. Padri hajavua kofia yake ya pikipiki, anangoja niseme mimi. Na Manoy Temyong ananiita toka juu:

"Pining! Njoo utazame. Shimo limefanana na la kwanza, au tuongeze?"