Diski Imefunguka Bila Kuuliza

Jumanne, Kikuyu

Zile hasira zote nilizomwonyesha Elia, fundi wetu wa kompyuta ofisini, leo nazijutia. Kila nikichomeka diski ya nje, mfumo wa Linux kwenye kompyuta yangu ulikuwa unadai nywila ya msimamizi, mpaka nimsubiri yeye aje aiandike. Asubuhi amebadilisha mpangilio.

"Haya dada, sasa unafungua mwenyewe."

Nikafurahi, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, meneja alikuwa kwenye kiti changu. "Naprinti barua moja tu, kompyuta yangu imezima."

Diski ilikuwa bado imechomekwa. Ndani yake kuna sauti nilizorekodi za vibarua wetu wa mashamba ya mizabibu kule Makutupora wakilalamika juu ya meneja huyohuyo, tena wakitaja majina yao.

Kesho nitamwomba Elia airudishe nywila. Lakini meneja aliondoka bila barua yoyote mkononi, na printa haikuwa na karatasi hata moja tangu asubuhi; basi pale kitini alikuwa anafungua nini?